Wanunuzi Wawili wa Konsetina

Mzee Posta alipata jina hilo kwa kukaa miaka thelathini na miwili nyuma ya dirisha namba tatu la posta, akigonga mihuri. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa na wenzake, na konsetina aliyoipata kwenye mnada wa vifurushi visivyo na wenyewe.

Konsetina, kwa asiyeijua, ni kinanda kidogo cha kushikwa kwa mikono miwili. Kina pande sita kama nati, vibonye kulia na kushoto, na katikati mvukuto wa ngozi unaokunjuka na kujikunja. Ukivuta kinalia, ukisukuma kinalia. Hii ya Mzee Posta ilikuwa kongwe hata kabla hajainunua. Mvukuto ulikuwa na nyufa, vibonye viwili vilikuwa bubu, na kimoja kililia chenyewe bila kuguswa. Kila jioni saa kumi na moja mzee alikaa barazani akapiga wimbo mmoja, uleule, polepole, kwa sauti ya mtu anayelilia kitu asichokumbuka, kwa miaka kumi na tisa. Majirani walifunga madirisha yao kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, ili mzee asione kama wamepatana.

Watu wa nyumbani kwake hawakuwa na adabu hiyo. Binti yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alizoea kusema kwamba baba anachinja paka kwa awamu. Mwanawe wa kiume, aliyeuza bima na ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Bima, alisema yuko tayari kuwakatia majirani bima ya masikio kwa bei ya ndugu. Mzee alicheka nao, akaendelea kupiga.

Kisha akafa, ghafla, mchana, akiwa amevaa viatu vyake vizuri. Siku ya mazishi wanakwaya waliuimba ule wimbo wake bila maneno, kwa kuguna tu, polepole vilevile, na hata waliokuwa wakifunga madirisha walitoa leso. Bwana Bima alilia mpaka miwani ya jua ikamtoka. Mwalimu Mkuu hakulia hadharani, kwa sababu wanafunzi wake walikuwepo, lakini alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia bomba la maji kwa muda mrefu kuliko bomba linavyostahili.

Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja mjane, Mama Posta, aliwaita watoto wake, akawamiminia chai, akaiweka konsetina mezani katikati ya vikombe.

"Vitu vya baba yenu nimeshavigawa," alisema. "Nguo zimekwenda, viatu vimekwenda, saa nimebaki nayo mimi. Kimebaki hiki. Nani anakitaka?"

Ukweli ni kwamba wote wawili walikitaka. Tangu mazishi, Mwalimu Mkuu alikuwa kila ikifika saa kumi na moja anaacha anachofanya na kutega sikio kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Bwana Bima alikuwa amejaribu kuupiga ule wimbo kwa mluzi ndani ya gari, akakwama njiani. Lakini ukishamcheka mtu miaka kumi na tisa si rahisi kusimama mbele ya mama yako na ndugu yako ukaomba kurudishiwa kicheko chako. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme, ili yeye akubali kwa kulazimishwa.

Mwalimu Mkuu aliisukuma konsetina kwa ncha ya kidole, kidogo, kama mtu anayesogeza sahani ya mgeni. "Mimi nyumba yangu ndogo, Mama. Na kinakusanya vumbi."

"Mimi," alisema Bwana Bima, kwa sauti anayozungumza nayo na wateja, "katika mali sitazami thamani ya kihisia. Natazama matumizi." Naye akaisukuma kwa kidole, ikarudi ilipokuwa.

"Hakuna anayekitaka?"

"Kiuzwe tu, Mama."

"Basi nitakiuza. Na baadaye nisisikie neno."

Kesho yake aliifunga kwenye kanga ya zamani, akaipeleka kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa na chumba kimoja kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya viatu. Alitengeneza cherehani ili ale, na vinanda ili afurahi. Aliifungua konsetina mbele ya mama kwa bisibisi ndogo, akachungulia ndani, akavaa miwani nyingine, akachungulia tena.

"Mama, mzee alikuwa anaziba matundu kwa stempu?"

"Stempu?"

Kweli. Ndani ya mvukuto, kila palipopasuka, palikuwa pamebandikwa stempu za posta, tabaka juu ya tabaka, za bei ndogo kwenye matundu madogo, na kwenye ufa mkubwa stempu nne za kupelekea barua ng'ambo. Kazi ilikuwa nadhifu. Muhuri haukukosekana hata mahali pamoja.

"Mtu wa utaratibu," alisema Mama Posta.

"Mama, hiki ni kitu cha kale na mbao zake ni nzuri sana. Nikikitengeneza, kuna watu watakilipia fedha nyingi."

"Watu gani hao?"

"Watu wasiokaa jirani nacho."

Wakapatana kwamba atagharamia matengenezo mwenyewe, na kikiuzwa atachukua fungu moja katika matano. Wiki saba Fundi alikuwa na konsetina. Alikata ngozi laini kutoka kwenye glavu za zamani akashona upya mikunjo ya mvukuto. Zile ndimi nyembamba za shaba zinazotoa sauti alizing'oa moja moja, akazisugua kwa tupa ndogo kama ya kucha, na kila ulimi ukalala ndani ya ganda lake la kiberiti lenye namba. Springi moja iliyokatika aliitengeneza kwa waya wa kalamu. Kibonye kilichopotea alikichonga kutoka kwenye mpini wa kitana cha mfupa. Wateja wa cherehani walipiga kelele mpaka wakachoka. Alipomaliza, akapaka mbao nta, akakaa akaivuta taratibu, na haikuvuja pumzi hata moja. Akaiweka dirishani na kadi aliyoiandika mwenyewe: KONSETINA YA KALE. IMEFUFULIWA. HAIVUJI.

Jumanne Mwalimu Mkuu alipita kwenye uchochoro ule, ambao hauelekei popote, akasoma kadi, akaondoka haraka. Jumatano alipita Bwana Bima, naye akaondoka haraka. Wala hakuna aliyeingia. Fundi alikuwa mtu wa mtaa wa mbali na hakuwafahamu, lakini wangeingia angeuliza majina, na majina yangefika kwa mama.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini mwalimu wake wa muziki, mtu mpole ambaye kwa miaka minne alikuwa ameandika barua za kuomba vyombo, akapewa ngoma mbili na ahadi.

"Uende ukaulize bei ya kile kinanda," alimwambia. "Sema ni cha shule. Jina langu usilitaje. Ukionyesha unakipenda watapandisha, kwa hiyo kitoe kasoro. Nimekuandikia."

Fedha zingekuwa zake mwenyewe. Mpango wake ulikuwa kwamba kikishanunuliwa, baada ya wiki mbili atasema shule haina mahali salama, na yeye, kwa kujitolea, atakihifadhi nyumbani. Aliuona mpango huo hauna ufa.

Bwana Bima yeye alimtuma rafiki yake, dalali wa magari yaliyotumika. Aliamini kwamba anayejua kununua gari anajua kununua chochote.

Dalali ndiye aliyefika kwanza kwa Fundi. Aliizunguka konsetina mara mbili, mikono nyuma.

"Imetembea kiasi gani?"

"Hii inapigwa, ndugu yangu. Haitembei."

"Injini imefunguliwa?"

"Nimefungua kila kitu. Nimesafisha ulimi mmoja mmoja."

"Basi si orijino tena." Dalali alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaubonyeza mvukuto kwa kidole gumba kama anayepima upepo wa tairi. "Ikishafunguliwa injini bei inashuka nusu. Na kuna uchakavu wa kawaida. Thamani ya kihisia haipo. Laki mbili."

Fundi alijisikia kama mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana masikio makubwa. Akasema atafikiria.

Jioni yake akaja mwalimu wa muziki. Alisimama mlangoni, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma macho yakiwa chini. "Moja, rangi imefifia. Mbili, umbo si la kisasa. Tatu, matumizi yake ni finyu." Akaikunja. "Laki mbili na nusu. Naomba kuishika."

Fundi akampa. Mwalimu akapitisha vidole kwenye vibonye, akapiga sauti zote kuanzia chini hadi juu, halafu juu hadi chini.

"Samahani, Fundi," alisema alipoirudisha. "Maneno yale si yangu. Aliyeitengeneza hii ana mikono." Akasahau karatasi juu ya meza akaondoka.

Wiki ile haikuisha kabla dalali hajarudi na laki tatu, mwalimu na laki tatu na nusu, na dalali tena na laki nne, kila mmoja akiiponda konsetina kwa nguvu zaidi kadiri alivyopandisha bei. Fundi alikuwa mwaminifu na jambo hili likamtia wasiwasi. Akaenda kwa Mama Posta.

"Mama, nina wanunuzi wawili, na wote ni kama wametumwa. Mmoja hajui konsetina ni nini. Mwingine anajua lakini anaona haya kuinunua."

"Wanasemaje?"

"Mmoja ni wa magari. Kila saa uchakavu wa kawaida, thamani ya kihisia."

Mama Posta aliweka chini bakuli la mchele aliokuwa akichambua. "Na wa pili?"

Fundi akampa ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, mwandiko umesimama wima kama wanafunzi kwenye mstari, hoja zimewekewa namba (i), (ii), (iii). Mama aliitazama muda mrefu.

"Huyu hata barua ya kunijulia hali huniandikia hivi," alisema. "Namba moja, shikamoo. Namba mbili, mimi mzima."

"Ni wanao?"

"Ni wangu, na uchungu wao naukumbuka."

"Basi nimpe nani?"

"Usimpe mtu. Waambie wanunuzi wako waje hapa Jumamosi saa nne. Atakayezidi ataondoka nacho. Wanangu nitawaita mimi, waje kuagana na kitu cha baba yao."

Fundi alikuna kidevu. "Lakini Mama, si ungewapa tu?"

"Niliwawekea mezani, Fundi. Wakakisukuma kwa kidole."

Jumamosi sebule ilijaa mapema. Mama Posta aliwapanga mwenyewe. Mwalimu Mkuu na Bwana Bima waliketi kwenye kochi moja, bega kwa bega. Wanunuzi waliketi kwenye viti vya mbao upande wa pili, wakitazamana nao. Fundi alisimama na konsetina mikononi kama anayebeba mtoto mchanga wa watu. Mwalimu wa muziki alipoingia alianza, "Shikamoo, Mwali..." akameza, akasema, "Shikamooni nyote."

Kabla ya siku hiyo kila mmoja alikuwa amepanga ishara na mtu wake. Bwana Bima akikohoa, dalali apandishe elfu hamsini. Akikuna sikio, aache. Mwalimu Mkuu akivua miwani, mwalimu apandishe. Akishika mkoba, aache.

"Tumefika laki nne," alisema Fundi.

Bwana Bima akakohoa.

"Nne na nusu," alisema dalali.

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaitazama kwenye mwanga.

"Laki tano," alisema mwalimu wa muziki, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Bwana Bima akakohoa. Mwalimu Mkuu akavua miwani. Kikohozi. Miwani. Walifika laki sita bila mtu kwenye kochi kutamka neno, nao walitazama mbele kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

"Mwanangu," alisema Mama Posta, "kifua hicho kimekuanza lini?"

"Si kitu, Mama. Vumbi tu."

"Hapana. Kifua si cha kupuuza, wewe mwenyewe unawaambia watu kila siku." Akatoa pipi ya koo kwenye mfuko wa gauni, zile kali zinazopanda mpaka puani, akaimenya karatasi, akamtia mwanawe mdomoni kama alivyokuwa akimtia dawa akiwa na miaka mitano.

Bwana Bima akaipokea, kwa sababu mama ni mama. Ukali ukampanda, akavuta pumzi vibaya, na pipi ikaenda pasipo pake. Akakohoa. Safari hii kilikuwa kikohozi cha kweli, cha kuinama na kushika magoti.

"Sita na nusu," alisema dalali.

Bwana Bima akakohoa tena.

"Laki saba."

"Lakini bei ya mwisho ilikuwa yako," alisema Fundi.

"Najua kazi yangu," alisema dalali, macho kwenye kochi. "Saba na nusu. Laki nane."

Bwana Bima alijaribu kuinua mkono akune sikio, lakini dada yake alikuwa ameushika mkono huo na kumpiga mgongoni kwa mwingine, kwa huruma ya kweli na nguvu za miaka ishirini ya ualimu. Pipi ikatoka, ikaangukia zulia.

Mwalimu Mkuu alikuwa ametokwa na jasho na miwani yake imefunga ukungu. Akaivua aifute.

"Nane na nusu," alisema mwalimu wa muziki, akafumba macho.

Wote wakamgeukia dalali. Dalali akamtazama rafiki yake, aliyekuwa mwekundu wa macho na hana sauti, akahisi uzito wa bahasha mfukoni mwake, akapima moyoni. Urafiki una mpaka, na wake ulikuwa laki nane.

"Kwa bei hiyo napata pikipiki yenye namba," alisema, akasimama. "Mama, asante kwa chai."

Hivyo ndivyo konsetina ilivyouzwa. Mama Posta hakupokea bahasha ya mwalimu mara moja. Alisema, "Nataka kwanza nisikie. Unaweza kuupiga ule wa marehemu?"

"Siujui, Mama. Uanzishe."

Mama akaanza kuguna, polepole, kama alivyousikia miaka yote. Mwalimu wa muziki aliinamisha kichwa, akasikiliza. Uso wake ukaonyesha mashaka.

"Mama, nina hakika wimbo huu naujua. Lakini mbona kama umeugua?"

"Alipiga hivyo."

"Labda ni kwa sababu ya matundu," alisema Fundi. "Mvukuto ukivuja, kila sauti lazima uisubiri. Na vile vibonye viwili vilikuwa bubu."

Mwalimu akaweka mikono kwenye kamba za ngozi za kushikia na kuupiga wimbo kwa mwendo wake. Ulikuwa wimbo wa kuruka kamba. Watoto wote wa mji ule waliurukia uwanjani, ule wa mbuzi aliyekula kofia ya mwenye duka, na sehemu mbili zilizokuwa bubu ndizo zilizokuwa za mbuzi kulia. Konsetina ilicheka kwa sauti safi, ikajaza sebule, vikombe vikatetemeka kwenye visosi.

"Tumemzika kwa wimbo wa mbuzi," alisema Bwana Bima, sauti ikiwa bado imekwaruza.

"Na kwaya nzima," alisema Mwalimu Mkuu.

Mama Posta alianza kucheka kimya kimya, mabega tu, kisha akashika meza. "Miaka kumi na tisa," alisema alipopata pumzi, "kila jioni naomboleza na mtu hajafa. Mwenzangu kumbe anaruka kamba." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na ilikuwa vigumu kusema anafuta nini.

Hapo ndipo watoto wake walipokaribia kabisa kusema ukweli. Bwana Bima alikuwa ameshafungua kinywa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshamgeukia. Lakini mwalimu wa muziki, aliyekuwa amepata kwa mara ya kwanza chombo cha maana mikononi, alilewa furaha akasahau maagizo yote.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "kwa niaba ya wanafunzi, shule yetu haitasahau."

Bwana Bima akageuka polepole akamtazama dada yake. "Kumbe ni shule yako."

Mwalimu Mkuu angeweza kusema hapo kwamba fedha ni zake na konsetina ni yake. Lakini angelazimika pia kueleza miwani. Akajikuta amenyoosha mgongo na kusema, "Shule inajali sanaa."

"Vizuri sana," alisema Mama Posta. "Fundi, andika risiti kwa jina la shule, kitu kisije kikapotea njiani. Na wewe mwanangu, pole na kifua."

Fungu lake Mama alilitumia kununua tangi la maji na redio kubwa yenye spika mbili, na majirani wakafungua madirisha. Fundi aliwarudia wateja wake wa cherehani. Dalali hajaelewa mpaka leo kwa nini alilaumiwa.

Jumatatu mtunza stoo wa shule, mwanamke asiyejua mzaha katika kazi, aliipokea konsetina na, kabla mtu hajamzuia, akaiandika namba ya shule kwa rangi nyeupe ya mafuta ubavuni, juu ya ile nta ya Fundi. Fundi alipoambiwa alikaa chini. Wiki mbili zikapita, Mwalimu Mkuu akamwendea mtunza stoo na mpango wake wa kuihifadhi nyumbani.

"Hairuhusiwi, Mwalimu Mkuu," alisema mtunza stoo, akamwonyesha tangazo kwenye mlango. Chombo chochote cha shule kisitoke nje ya uzio kwa sababu yoyote wala kwa idhini ya mtu yeyote. Sahihi chini ilikuwa ya Mwalimu Mkuu mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Alhamisi alasiri mwalimu wa muziki aliwafundisha watoto kwenye uwanja. Mwalimu Mkuu alianza kukagua uwanja kila Alhamisi. Bwana Bima naye akaanza kufika shuleni siku hiyohiyo, akisema anatafiti bima ya wanafunzi. Walikaa kwenye benchi moja, huyu mwanzo, huyu mwisho, na kati yao palitosha watu wanne. Watoto waliruka kamba, mbuzi akala kofia, nao wakarudi kila mmoja kwake.

Alhamisi ya tano Bwana Bima alisema, bila kugeuka, "Shule yako haina laki nane na nusu, Dada. Hata choo chenu hakina mlango."

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akakumbuka, akaivaa tena haraka. "Na wewe hukuwa na kifua."

"Hapana."

"Ungesema siku ile ya chai ningekuachia."

"Na mimi ningekuachia. Ndiyo maana sikusema. Ningekuachia, halafu ningekaa na hasira mpaka nife."

Mwalimu Mkuu alilifikiria jambo hilo, akaliona ni kweli kwake pia. Akasogea katikati ya benchi. "Saa tisa na nusu watoto wakiondoka huwa naiomba ofisini," alisema. "Ndani ya uzio inaruhusiwa. Najifunza."

"Umefika wapi?"

"Duka. Mbuzi bado."

Saa tisa na nusu walijifungia ofisini. Mwalimu Mkuu alipiga alichojua, na kilisikika kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kisha akampa mdogo wake. Bwana Bima akavuta mahali pa kusukuma, konsetina ikatoa mlio ambao Fundi hakuutengeneza, akacheka, akajaribu tena, na dada yake akaanza kumwelekeza kwa rula. Walikuwa hivyo mlango ulipogongwa. Alikuwa mtunza stoo.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Darasa la saba wanafanya mtihani wa majaribio. Wanauliza kama kuna mtu ameumia."

"Waambie hakuna."

"Na saa kumi nafunga stoo. Nimekuja kuichukua."

Mwalimu Mkuu alitazama konsetina iliyokuwa kwenye mapaja ya mdogo wake, na ile namba nyeupe ubavuni. "Dakika tano," alisema.

Mtunza stoo akatazama saa yake, akavuta kiti karibu na mlango, akakaa, akaweka funguo mapajani. Bwana Bima akashika upya kamba za ngozi.

"Safari hii sukuma," alisema dada yake.

Akasukuma.